Kwa nini duara la gogo hupasuka hata likikaushwa kivulini?

Mjakaranda ukikatwa mjini Nakuru, si lazima wote uishie kuwa kuni. Fundi anaweza kuukata vipande vya duara vyenye unene wa inchi mbili, avipige msasa mpaka pete za mti zijitokeze, kisha avipake vanishi. Kimoja kitakuwa saa ya ukutani, kingine stuli ya sebuleni. Wiki kadhaa baadaye ufa unatokea, mpana kwenye gome na mwembamba kadiri unavyokaribia moyo wa mti.

Hapo lawama huanza. Mteja anasema, "Fundi, uliniuzia mti mbichi." Fundi anajibu, "Mama, uliuweka juani." Wote wanaamini kwamba mti ungekaushwa polepole na kupakwa vanishi pande zote, usingepasuka. Imani hiyo ina ukweli ndani yake: jua kali huleta nyufa ndogondogo usoni, kwa sababu ngozi ya juu hukauka huku ndani kungali na maji. Lakini ule ufa mkubwa una chanzo kingine, na kivuli hakiuzuii. Vanishi nayo huchelewesha tu maji kutoka. Haiyafungii ndani milele. Vipande vidogo vilivyokaushwa taratibu huponea wakati mwingine, ila kadiri duara linavyokuwa kubwa ndivyo bahati inavyopungua.

Chanzo chenyewe ni kwamba mti hausinyai sawasawa kila upande. Maji yaliyo kwenye uwazi wa seli hutoka kwanza, na mti haubadiliki umbo. Unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, kuta za seli zenyewe huanza kupoteza maji, na hapo ndipo mti husinyaa. Kwa urefu, karibu hausinyai kabisa. Kutoka moyoni kwenda gomeni, miti mingi husinyaa kama asilimia 4 ikikaushwa kabisa. Kwa kufuata mzunguko wa pete, ni kama asilimia 8, yaani maradufu. Sababu inayotajwa sana ni miale, zile seli zilizolala kutoka moyoni kwenda nje, ambazo huuzuia mti kusinyaa kuelekea upande huo.

Fikiria mtu aliyefunga mkanda wa ngozi iliyolowa. Ngozi inakauka na kujivuta, lakini kiuno kinapungua kidogo tu. Mkanda utabana, utabana, mwishowe ukatike. Kila pete ya mti ni mkanda wa namna hiyo, na kiuno chake ni pete zote zilizo ndani yake.

Tupige hesabu. Duara lenye kipenyo cha sentimita 30 lina mzunguko wa sentimita 94 hivi. Likikauka mpaka unyevu wa asilimia 12, yaani sehemu tatu kwa tano ya njia kutoka 30 hadi sifuri, mzunguko unataka kupungua kwa sentimita 4.5, lakini nusu kipenyo kinauruhusu upungue 2.3 tu. Zile sentimita mbili na ushei zilizobaki lazima zipatikane mahali, na hizo ndizo upana wa ufa.

Ndiyo maana wachongaji wengi hupasua gogo katikati kabla ya kuchonga, au hutoboa moyo na kuacha sanamu tupu ndani. Kiuno kikiondolewa, mkanda unajivuta bila kukatika. Njia nyingine ni kujaza kuta za seli kitu kisichokauka. Meli ya Vasa ya Sweden, iliyozama 1628 na kuopolewa 1961, ilinyunyiziwa kemikali ya poliethilini glaikoli kwa miaka 17 ili mbao zake zisisinyae.

Anayetaka duara zima sebuleni basi aukubali ufa na kuupamba. Usijaze gundi mapema, kwa maana ufa hujifunga kidogo msimu wa mvua na kufunguka tena Januari. Subiri utulie, kisha chimba kwa patasi na upachike kabari yenye umbo la kipepeo, ya mbao nyeusi zaidi, nyuzi zake zikiukata ufa.