Tone la bondeni chini ya hadubini: yasemwayo na yaliyomo

Nikiweka tone la maji ya bonde la mpunga chini ya hadubini, swali la kwanza la wanafunzi wangu hapa Pemba halibadiliki: "Maalim, hicho ndicho kichocho?" Wana haki ya kuuliza, maana kichocho cha mkojo kipo Pemba na Unguja.

"Kila kinachokwenda mbio ndani ya tone ni kidudu cha maradhi."

Hapana. Wengi wanaoonekana wanakula bakteria na mwani, wala hawana habari na binadamu. Lava wa kichocho, yaani mtoto wa mnyoo anayeleta ugonjwa huo, anayetoka kwenye konokono ana kiwiliwili kifupi na mkia uliogawanyika mwishoni kama panda ya manati. Hafiki urefu wa milimita moja, hali chochote, na asipopata ngozi ya kuingia hufa ndani ya siku moja au mbili.

Lakini hata ukiiona panda, usitangaze kijijini kwamba umekipata kichocho. Wapo minyoo wa ng'ombe ambao lava wao wana mkia wa aina hiyohiyo, na macho peke yake hayatoshi kuwatenganisha. Kwa mtu, ugonjwa huthibitishwa kwenye mkojo, kwa kuona yai lenye mwiba mdogo kwenye ncha. Na kwa kuwa lava hupenya ngozi, kuchemsha maji ya kunywa hakumkingi anayeoga mtoni. Kwa hiyo nasisitiza kila mara: chota kwa kopo lililofungwa kwenye fimbo, vaa glavu na mabuti, mkono usiguse maji.

"Kidogo kiasi hiki lazima kiwe seli moja."

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na hapa ndipo penye raha yenyewe. Paramesiamu, mwenye umbo la soli ya kandambili, ni seli moja kweli. Huogelea huku akijizungusha, akigonga uchafu hurudi nyuma kisha hubadili njia. Rotifa, mnyama mdogo sana wa majini, anaweza kuwa mdogo kuliko yeye, ilhali ana seli zipatazo elfu moja, utumbo, na mguu wa kujishikizia. Kichwani utadhani ana magurudumu mawili yanayozunguka. Hakuna kinachozunguka: ni vinyweleo vinavyopiga kwa zamu, kama mpunga unavyoinama upepo ukipita. Mtazame chini kidogo ya hapo utaona taya zinasaga bila kupumzika. Ukiziona taya, huyo si paramesiamu.

"Ukikuza zaidi ndiyo utaona vizuri zaidi."

Anza na mara 40. Kwenye mara 400 eneo unaloliona linakuwa finyu, mwanga unapungua, na kiumbe anakutoroka kabla hujamtambua. Mwaka 1674 Antonie van Leeuwenhoek wa Uholanzi aliwaona viumbe wa maji ya ziwa kwa lenzi moja tu aliyoisugua mwenyewe.

"Cha kijani ni mmea."

Yuglena, kiumbe wa seli moja, ni wa kijani, hujitengenezea chakula kwa jua, na bado huogelea kwa uzi mwembamba kama mjeledi akifuata mwanga kwa msaada wa doa jekundu. Na ule utelezi wa kijani kidimbwini ni mwani pia, ingawa kwetu mwani ni ule unaolimwa baharini Paje na Jambiani. Utazame: baadhi ya nyuzi zake zina utepe wa kijani uliojisokota ndani.

"Maji maangavu ndiyo sampuli nzuri."

Mara nyingi yana viumbe wachache. Kamua mizizi ya yungiyungi ndani ya kopo, ukiwa na glavu, halafu chukua tone la maji hayo machafu.

"Duara lenye ukingo mweusi ni yai."

Kosa hili nimelisahihisha mara nyingi kuliko yote. Ukingo mnene, mweusi, laini kabisa, na katikati peupe pasipo kitu: hicho ni kiputo cha hewa. Bonyeza kifuniko cha kioo taratibu kwa ncha ya sindano. Kiputo hutanuka na kubadilika umbo, yai hubaki lilivyo.