Brazili: nchi haikuitwa kwa njugu, na hiyo njugu wala si njugu

Juzi shemeji kaleta pakiti ya njugu za Brazili, zile kubwa zenye kona tatu, anatafuna huku anatufundisha eti ile nchi imeitwa hivyo kwa sababu ya hizi njugu. Nikamwacha amalize, maana hata mi niliamini hivyohivyo miaka mingi.

Ukweli ni kwamba jina limetoka kwenye mti wa rangi. Nahodha Cabral na Wareno wake walipofika pale Aprili 1500 walidhani ni kisiwa, wakakiita Kisiwa cha Msalaba wa Kweli, baadae ikawa Nchi ya Msalaba Mtakatifu, majina ya kanisa matupu, ila wafanyabiashara walichokiona ni mti wenye moyo mwekundu unaotoa rangi ya kutia vitambaa. Mti huo wakauita pau-brasil, na neno hilo wengi wanalihusisha na brasa, yaani kaa la moto. Biashara ikanoga, Msalaba ukasahaulika. Na hata neno lenyewe halikuzaliwa huko, kwa sababu Ulaya ilikuwa inanunua mti mwingine wa rangi hiyohiyo kutoka Asia na kuuita brasil zamani sana kabla ya 1500.

Ninachokipenda mimi ni neno brasileiro, Mbrazili. Kwa Kireno hicho kimkia -eiro ni cha kazi, mwoka mikate ni padeiro, mwashi ni pedreiro, sasa brasileiro mwanzoni alikuwa mtu wa biashara ya ule mti. Yaani taifa zima linaitwa kwa jina la kazi!

Wengine watakwambia jina limetoka kwenye kisiwa cha Brasil kilichochorwa kwenye ramani magharibi ya Ireland tangu 1325. Kisiwa hicho hakipo na hakijawahi kuwepo, majina yamefanana tu.

Haya, njugu sasa. Wabrazili wengi wanaiita castanha-do-pará, kwa jina la jimbo la Pará lenye bandari ya Belém ambako zilikuwa zinasafirishwa. Na usidhani kila pakiti imetoka kwao, Bolivia imeongoza kwa kuziuza nje miaka mingi tu.

Halafu sio njugu kivile, ni mbegu. Zinakaa 10 mpaka 25 ndani ya tunda gumu kama kifuu, zimepangana kama vipande vya chungwa, na tunda moja linafika kilo 2. Mti wenyewe unaweza kufika mita 50, kwa hiyo upepo ukivuma hukai chini yake, likikupiga kichwani habari yako imeisha. Wala usifikirie mashamba makubwa kama ya mkonge, karibu zote zinaokotwa msituni, maana ua lake lina kifuniko kizito ambacho nyuki wadogo hawakiwezi, inabidi wale wakubwa wa msituni ndio waingie kulichavusha.

Mwisho, kuna wanaochanganya hizi na korosho. Ni miti tofauti kabisa, ila shemeji alinyamaza nilipomwambia kwamba mkorosho asili yake ni Brazili pia, Wareno ndio waliouleta pwani yetu, na lile bibo wao wanaliita caju, sisi wengine tunasema kanju. Ye katoa hela nyingi kununua njugu za Brazili na kwao ni Mtwara.