Mchapishaji huru ni nani?

Mtu akimaliza mswada wake hapa Tanga, aghalabu huenda moja kwa moja Ngamiani kwa mwenye stesheneri, yule anayechapa kadi za harusi. Analipa, anabeba nakala zake 200, kisha anawaambia watu: "Fulani ndiye mchapishaji wangu." Sivyo. Huyo ni mpiga chapa. Kazi yake huisha wino ukikauka, na hela yake ameshaitia mfukoni hata kitabu kisiponunuliwa na mtu.

Mchapishaji ni yule anayeuchagua mswada, akamtafutia mwandishi mhariri, akasimamia kurasa na jalada, akamlipa mpiga chapa, halafu akakaa na maboksi mpaka vitabu viuzike. Hasara ikija, ni yake. Ukiongeza neno "huru", unasema kwamba uamuzi nao ni wake: nyuma yake hakuna wizara, misheni wala kampuni mama ya kumwambia kipi kitoke na kipi kibaki kabatini. Udogo si sharti, ingawa wengi wao ni wadogo kweli.

Mfano tunao nyumbani. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Enzi zake vitabu vya Kiswahili vilipitia mikononi mwa wamisionari, serikali ya kikoloni na kampuni za ng'ambo. *Pambo la Lugha* ilichapishwa Afrika Kusini, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. *Kusadikika* ikatolewa na Nelson, kampuni ya Uingereza, mwaka 1951. Shairi la mtu wa Tanga lilivuka mipaka kadhaa kabla ya kumrudia msomaji wa Tanga! Baadaye malenga huyu, karani wa serikali kwa miaka mingi, akaanzisha nyumba yake ya uchapishaji papa hapa mjini, akaiita Art and Literature, akatoa kazi zake mwenyewe. Alifariki 1962. Miongo mitatu baadaye, 1991, Walter Bgoya alianzisha Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, nayo ni nyumba huru. Ndiyo iliyovirudisha madukani baadhi ya vitabu vya Shaaban.

Ugumu uko sokoni. Mnunuzi mkubwa wa vitabu nchini ni shule, na shule hununua chenye ithibati. Diwani ya mashairi isiyo kwenye mtaala hungoja mpenzi mmoja mmoja, tena mwenye chenji. Ndiyo maana utamkuta mchapishaji huru anauza vitabu vya shule ili riwaya ipate kula. Mimi simlaumu.

Basi ukipata anayekuita "mwandishi wetu", muulize nani analipia uchapaji. Akisema ni wewe, mchapishaji ni wewe, kama alivyokuwa Shaaban. Maboksi yote ni yako, na hakimiliki ya kazi yako usimwandikie.