Je, wajua juu ya nini Yesu alisema dhambi inatoka moyoni na si mikononi?

Kila mtu aliyekaa Goma, mashariki ya Kongo, mwaka 2019 anakumbuka zile bidoni za kunawa. Ebola ilikuwa imeshika Beni na Butembo, mwezi wa Julai ikaingia na huku mjini, na toka hapo hukuingia mahali popote bila kunawa, soko, shule, benki, hata kanisani, pale mlangoni unakuta bidoni juu ya kimeza cha mbao, robine ndogo ya plastiki, maji yananuka kloro, na kijana wa protokole amesimama na kile kipima joto anakuelekezea kwenye paji la uso. Ilikuwa kazi nzuri, iliokoa watu, na hata leo kipindupindu kikitokea tunarudia palepale. Sasa ukisoma Marko sura ya 7 na picha hiyo iko kichwani unashituka kidogo, maana ni kama Yesu anatetea watu wanaokula bila kunawa.

Ugomvi ulianza hivi. Mafarisayo na waandishi wengine waliotoka Yerusalemu waliona wanafunzi wa Yesu wanakula na mikono haijanawiwa, wakamuuliza juu ya nini watu wako hawafuati mapokeo ya wazee. Hawakuwa wanaogopa vijidudu, wakati ule hakuna aliyejua kama kuna vijidudu, hoja yao ilikuwa unajisi mbele ya Mungu. Katika Kutoka 30 makuhani waliamriwa wanawe mikono na miguu kabla ya kukaribia madhabahu, basi wazee wakaona ni vizuri na watu wa kawaida waishi hivo hata mezani kwao. Mimi siwezi kucheka nia hiyo, mtu anayetaka hata ugali wa nyumbani kwake uliwe kwa utakatifu ni mtu anayempenda Mungu kabisa.

Yesu hakugusa usafi wa mwili, kwa hiyo mtu asije akachukua mistari hii kukataa kunawa. Alichogusa ni swali la uchafu wa mtu mbele ya Mungu unaanzia wapi, na kabla ya kujibu akaleta mfano mmoja mkali ambao watu wengi wanaurukaruka wakisoma, ule wa korbani. Mtu ana mali, wazazi wamezeeka na wanahitaji msaada, yeye anasema kile ambacho ningewasaidia nacho ni korbani, yani kimewekwa wakfu kwa Mungu, basi wazazi hawapati kitu. Na dini inamkubalia! Amri ya kuheshimu baba na mama inafutwa kwa njia ya sadaka. Tafakari hiyo vizuri, juu mikono ya yule mtu ni safi, amenawa, ametoa, ametaja jina la Mungu, hakuna mtu wa nje anayeweza kumushika na kosa. Tunaijua hata sisi hapa, kijana anatembea mpaka mbele ya kanisa anaweka bahasha ya dola, makofi yanapigwa, wakati mama yake kule Mugunga anabipu tangu asubuhi na simu haipokelewi. Kosa liko wapi hapo? Bahasha si kosa. Inabidi uingie ndani zaidi, mahali alipoamua.

Ndo Yesu akaita watu wote akawaambia hakuna kitu cha nje kikimwingia mtu kinaweza kumtia unajisi, vile vinavyomtoka ndo vinamtia unajisi. Wanafunzi hawakuelewa, wakamuuliza wakiwa ndani ya nyumba, na jibu lake ni la wazi mpaka lina choo ndani yake: chakula hakiingii moyoni, kinaingia tumboni kisha kinatoka. Halafu akataja vinavyotoka moyoni. Ya kwanza ni mawazo mabaya, kisha Marko anaandika mambo 12, uasherati, wizi, uuaji, uzinzi, tamaa mbaya, ukorofi, hila, ufisadi, kijicho, matukano, kiburi, upumbavu. Angalia vile uuaji na kijicho, yani wivu, vimekaa kwenye orodha moja. Sisi tungeweka uuaji mbali sana na wivu, mmoja anaenda gereza la Munzenze na mwingine anaimba koro, lakini Yesu anasema kisima ni kimoja.

Sasa moyo ni nini hapo? Leo tukisema moyo tunawaza mapenzi na huzuni. Ukifuatilia Biblia utaona moyo unafanya kazi nyingi kuliko hizo. Sulemani akiomba akili ya kuhukumu watu anaomba moyo, 1 Wafalme 3. Mpumbavu wa Zaburi 14 anasema moyoni mwake hakuna Mungu, kwa hiyo ni mahali pa kufikiri. Katika Mwanzo 6 Mungu anaona kila kusudi analowaza mtu moyoni mwake ni baya tu siku zote, kwa hiyo mipango pia inapangwa pale. Ni ofisi ambamo mtu anafikiri, anataka, anapima na kusaini, na mikono inakuja nyuma kutekeleza. Ndo maana Mithali 4:23 inasema linda moyo wako kuliko yote uyalindayo, na Yeremia 17:9 inaongeza jambo la kuogopesha zaidi, kwamba moyo ni mdanganyifu kuliko vitu vyote, maana yake unaweza kumudanganya hata mwenyewe.

Ukitaka kuona ile safari kutoka moyoni mpaka kwenye mikono, nenda 2 Samweli 11. Daudi anatembea juu ya dari la nyumba yake jioni, anaona mwanamke anaoga. Mpaka hapo ni macho tu. Anatuma mtu kuuliza ni nani, anajibiwa ni Bathsheba, mke wa Uria, pale mlango wa kutokea bado uko wazi kabisa, yeye anatuma tena watu wamlete. Mimba inapatikana, anamwita Uria toka vitani ili ionekane mimba ni ya mume, Uria anakataa kulala kwake wakati wenzake wako kambini, basi Daudi anaandika barua ya kumuua na anampa Uria mwenyewe aibebe. Soma tena hiyo, mtu anabeba barua ya kifo chake mkononi na hajui! Yakobo aliandika hesabu hiyohiyo kwa maneno machache, kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe, tamaa ikichukua mimba inazaa dhambi, na dhambi ikikomaa inazaa mauti.

Watu watauliza, na shetani je? Ukristo haumkatai. Nyoka yuko katika Mwanzo 3 na alisema uongo. Lakini kabla mkono wa mwanamke haujanyooka, andiko linasema aliona mti ni mzuri kwa chakula, unapendeza macho, unatamanika, kazi ilikuwa imeshafanyika ndani. Na wakati Mungu anauliza, Adamu anamtupia mke wake, mke anamtupia nyoka, hakuna anayesema ni mimi. Hiyo tabia haijatuacha. Vyumba vya maombi vimejaa mji huu, Ndosho, Majengo, Katoyi, na mimi siko kinyume na maombi, ninaomba, nimeona watu wanapona. Ila tunafunga pepo la hasira, pepo la uzinzi, pepo la uongo, mtu anaanguka, anainuka, anarudi nyumbani anapiga mke wake ileile, na juma linalofuata tunafunga tena pepo lilelile bila hata mmoja kumuuliza: baba, wewe mwenyewe unataka nini? Vibaya zaidi ni pale biashara ikianguka au mtu akifa na familia inaanza kutafuta nani ameloga, na kidole kinamwangukia mtoto, mara nyingi yatima anayelelewa na shangazi au mama wa kambo, anafukuzwa, analala nje. Wivu, uchoyo wa chakula, hasira, vyote vilikuwa mioyoni mwa wakubwa, na mzigo unawekwa juu ya kichwa cha mtoto wa miaka minane. Mtu aliyesoma Marko 7 hana ruhusa ya kufanya hivo.

Kanisa lenyewe limebishana sana juu ya namna moyo uliharibika. Agostino, Mwafrika wa kaskazini aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi inayoitwa leo Algeria, alisimulia vile akiwa na miaka 16 aliiba mapeasi ya jirani usiku pamoja na kundi la vijana, nyumbani kwake walikuwa na mazuri kuliko yale, hawakuwa na njaa, mengi waliyatupia nguruwe. Kilichomsumbua ni kwamba alipenda wizi wenyewe. Ndo akafundisha kwamba toka Adamu tunazaliwa na mapenzi yaliyopinda. Pelagio, mwalimu mwingine wa wakati wake, alisema hapana, mtu anaweza kuchagua mema kwa nguvu zake, na mtaguso, yani mkutano wa maaskofu, wa Kartago wa mwaka 418 ukamkataa. Waorthodoksi wanakaza zaidi kwamba tulirithi kifo na udhaifu kuliko hatia ya Adamu. Wakatoliki, kwenye mtaguso wa Trento mwaka 1546, walisema tamaa inayobaki ndani ya mbatizwa inatoka kwa dhambi na inavuta kwenye dhambi, ila yenyewe siyo dhambi kamili mpaka mtu aikubali, wakati Martin Luther, baba wa Waprotestanti, aliiita dhambi waziwazi. Wote hao lakini wanakubaliana mahali pa kutazama ni ndani.

Na wengi wetu fundisho hili tulilipata kwa picha, si kwa vitabu vya teolojia. Ile michoro ya moyo mkubwa mwekundu wenye kichwa cha mtu juu yake, na ndani wamejaa wanyama, tausi wa kiburi, mbuzi wa uzinzi, nguruwe wa ulafi, chui wa hasira, nyoka wa wivu, ilitolewa na mchungaji Mjerumani Johannes Gossner mwaka 1812, ikazunguka Afrika kwa lugha nyingi. Wanyama wale ni zile dhambi saba kuu ambazo papa Gregori Mkuu alizipanga karne ya 6, naye alijenga juu ya mawazo manane ya Evagrio, mmonaki wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399. Evagrio aliziita mawazo tu, juu alisema wazo kuja si katika uwezo wetu, kulikalisha na kulilisha ndo kuko katika uwezo wetu. Ninapenda hiyo sana, inamusaidia mtu anayeteseka na wazo bila kulikubali.

Sasa kuna swali ambalo vijana wananiuliza na ni la haki, kama nilizaliwa na moyo wa namna hii, kosa langu ni lipi? Mungu mwenyewe alimjibu Kaini kabla hajamuua Abeli, dhambi iko mlangoni inakuotea, nayo inakutamani, walakini yapasa uishinde. Kaini hakuambiwa hana dhambi na hakuambiwa hana njia. Na juu nguvu zetu hazifiki, Ezekieli 36:26 inaahidi moyo mpya, Mungu anatoa moyo wa jiwe na kutia moyo wa nyama, ndo kile ambacho Daudi aliomba katika Zaburi 51 baada ya nabii Nathani kumkemea.

Ukitaka kujua inaonekanaje moyo ukibadilika, angalia Zakayo, mtoza ushuru tajiri wa Yeriko. Katika Luka 19 hakuna aliyemwekea kiwango cha kulipa. Alisimama mwenyewe nyumbani kwake akasema nusu ya mali nawapa maskini, na kama nimemnyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne. Yesu akasema leo wokovu umefika nyumba hii, na hakuna hata pesa moja iliyokuwa imehesabiwa bado.