Je, Wajua Kwa Nini Episodi ya Kwanza Huwa na Sura Yake Peke Yake?

Ukimaliza tamthilia uliyoipenda, misimu yote, halafu ukaamua kuianza upya, episodi ya kwanza itakushtua kidogo. Wahusika ni wale wale, lakini kuna kitu hakijakaa sawa. Nywele zimechanwa vingine, nyumba imegeuka, na mtu uliyemzoea kama ndugu yako anaongea kwa namna ambayo hakuongea tena baadaye. Chukua The Sopranos, hadithi ya Tony, bosi wa mafia. Katika episodi ya kwanza, duka la nyama wanapobarizi Tony na watu wake lina jina jingine, si lile la Satriale's tulilolizoea. Padri Phil naye ni mwigizaji mwingine kabisa. Baadaye anakuja Padri Phil mpya, na hakuna anayesema lolote.

Sababu ni kwamba episodi ile ilipigwa mwaka 1997, ikaonyeshwa tarehe 10 Januari 1999. Siku ilipopigwa, hakuna aliyejua kama ya pili itakuwepo. Haikutengenezwa kwa ajili yetu hata kidogo. Ilikuwa sampuli, na mteja wake walikuwa wakubwa wachache wa stesheni, wakae chumbani, watazame, kisha waseme ndiyo au hapana. Ni kama seremala anayetengeneza kiti kimoja ili apewe kazi ya ukumbi mzima. Akishapewa kazi, atabadilisha mbao na atarekebisha mguu, ila kile kiti cha kwanza kinabaki palepale mstari wa mbele.

Kwa Kiingereza sampuli hiyo huitwa pilot, neno lile lile la rubani. Kwa msemaji wa Kiswahili jina hili lina utamu wake, kwa sababu rubani wetu alikuwepo kabla ya ndege: ndiye aliyejua mkondo na miamba, akatangulia kukiongoza chombo kipite salama. Episodi ya kwanza inafanya kazi hiyo hiyo. Inatangulia kupima kina cha maji.

Stesheni kubwa za Marekani zilijengea jambo hili kalenda nzima, iliyodumu miongo mingi. Waandishi walipeleka mawazo yao majira ya kiangazi na vuli, Januari wakubwa wakachagua skripti za kupigwa picha, na mpaka kufika Aprili kila studio ilikuwa mbioni, ikigombea waigizaji na waongozaji walewale. Mei, mbele ya wenye matangazo jijini New York, zilitangazwa zile chache zilizopita. Nyingine zote ziliwekwa kabatini. Waigizaji wamejifunza mistari, mafundi wamejenga seti, muziki umetungwa, na hakuna mtazamaji atakayeiona kazi yao. Kila nikifikiria makabati hayo, roho inaniuma.

Wakati mwingine sampuli inakataliwa lakini wazo linaponea chupuchupu. Star Trek, tamthilia ya safari za meli ya angani, ndiyo mfano mkubwa. Ile ya kwanza, The Cage, ilikamilika mwaka 1965, na stesheni ya NBC ikaikataa kwa kuona inamfikirisha mtu kupita kiasi. Badala ya kufunga mlango, wakaomba nyingine, jambo ambalo lilikuwa nadra mno. Nahodha akabadilishwa, na karibu wahusika wote wakaondolewa. Aliyebaki ni Spock. Tamthilia ilipoanza kuonyeshwa Septemba 1966, hata hiyo sampuli ya pili haikutangulia. Ilirushwa ya tatu. Na ile iliyokataliwa ilikatwakatwa ikashonewa ndani ya hadithi nyingine ya sehemu mbili mwaka huo huo, kama kumbukumbu ya safari ya zamani ya meli ile. Uingereza nako, episodi ya kwanza kabisa ya Doctor Who ilibidi irekodiwe upya kwa sababu bosi wake hakuridhika nayo. Ikaonyeshwa tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa, akili za watu zikiwa kwingine, na wiki iliyofuata wakairudia kabla ya kuendelea na ya pili.

Mfano unaofundisha zaidi, kwangu mimi, ni wa Game of Thrones. Sampuli yake ilipigwa mwaka 2009. Watunzi wake waliwaita marafiki wachache waitazame, na marafiki wakafika mwisho bila kutambua kwamba Jaime na Cersei ni ndugu wa tumbo moja. Aliyeitazama anajua kwa nini hilo ni janga. Tukio la mwisho, la mtoto kusukumwa kutoka dirishani, linategemea jambo hilo hilo. Usipojua kuwa hao ni kaka na dada, unachokiona ni wapenzi wawili waliofumaniwa na ukatili usio na kichwa wala miguu. Stesheni ya HBO waliinunua hata hivyo, lakini sehemu kubwa ikapigwa upya chini ya mwongozaji mwingine. Daenerys na Catelyn wakapata waigizaji wapya, na toleo tulilolipata sisi likatoka tarehe 17 Aprili 2011.

Hapo ndipo ugumu wa kazi hii unapoonekana. Ndani ya dakika hamsini hivi, mtazamaji asiyejua lolote anatakiwa ajue nani ni nani, nani anamtaka nani, dunia hii ina sheria gani, na kila wiki arudi kutafuta nini. Episodi dhaifu hufanya hivyo kwa maneno: mtu anamweleza nduguye jambo ambalo wote wawili wanalijua tangu utotoni, ili mradi sisi tusikie. Nikisikia mstari wa namna hiyo hamu inanitoka. Episodi nzuri inakuonyesha kitu, kisha inakuachia ujumlishe mwenyewe.

Tazama dakika za mwanzo za Breaking Bad, Januari 2008. Suruali ya kaki inaelea angani juu ya jangwa, imejaa upepo, haina mtu ndani. Inatua barabarani na gari kubwa la kulala linapita juu yake likiyumba. Dereva amevaa kinyago cha gesi na chupi. Gari linaingia mtaroni, anatoka, anachukua shati la kijani lililotundikwa nje kwenye kioo cha pembeni, analivaa, anafunga vifungo. Halafu anawasha kamera ya video, anajitaja jina lake kamili na anwani ya nyumbani kwake, na anaiambia familia yake kwamba moyoni mwake walikuwemo wao tu. Ving'ora vinasikika. Anasimama katikati ya barabara, bastola mkononi, miguu wazi. Kisha tunarudishwa nyuma wiki tatu.

Kinachonivutia si ile bastola, ni lile shati. Mtu anayedhani anakwenda kufa amekumbuka kuvaa shati na kulifunga vifungo. Kabla hujajua kuwa ni mwalimu wa kemia, umeshajua ni mtu wa namna gani: ana fahari yake, hataki kukutwa ovyo. Baadaye kidogo tunamkuta darasani akiwaambia wanafunzi kwamba kemia ni elimu ya mabadiliko, na jioni yuko kwenye kazi yake ya pili, amepiga magoti akisugua gari la mmoja wa wanafunzi hao hao. Misimu mitano yote imo katika mambo hayo matatu: shati, somo na magoti. Hakuna aliyetueleza chochote.

Twin Peaks, iliyoanza tarehe 8 Aprili 1990, ina njia yake ya kutoeleza. Msichana, Laura Palmer, amekutwa ufukweni amefungwa kwenye plastiki. Mama yake hajui bado. Anampigia simu mumewe hotelini. Wakiwa wanaongea, mkuu wa polisi anaingia. Baba anamwona, anaelewa, simu inamponyoka. Kamera haimfuati baba. Inashuka polepole kwenye waya wa simu mpaka kwenye mkonga unaoning'inia, na humo, kwa sauti ndogo, tunamsikia mama akilia. Hajaambiwa neno. Shuleni ni vivyo hivyo: msichana anakatiza uwanja akipiga mayowe, rafiki wa Laura anatupa jicho kwenye kiti kilicho wazi, na machozi yanaanza. Nimeitazama mara nyingi na bado naona vigumu kuitazama.

Na kwa kuwa sampuli hutengenezwa kabla mambo hayajakauka, ajali inaweza kuwa mbegu. Wakati wa kupiga tukio moja ndani ya nyumba ya akina Palmer, kamera ilimnasa kwenye kioo Frank Silva, fundi wa kupanga vyombo vya seti. Mwongozaji David Lynch alikuwa ameshavutiwa na sura yake, na badala ya kurudia akaiacha picha ile. Fundi yule akawa Bob, kiumbe wa kutisha kuliko wote katika hadithi nzima. Kama kungekuwa na mpango uliokamilika tangu mwanzo, huenda asingepata nafasi.

Mpango wa Lost, hadithi ya watu walionusurika ajali ya ndege kisiwani, pia ulibadilika njiani. Sampuli yake ya sehemu mbili, iliyopigwa Hawaii kwa mamilioni ya dola, ilikuwa miongoni mwa ghali zaidi kuwahi kutengenezwa hadi wakati ule. Aliyeiagiza, Lloyd Braun wa stesheni ya ABC, alifukuzwa kazi hata kabla haijaonyeshwa Septemba 2004. Sauti yake ilibaki, ndiyo ile inayosikika tunapokumbushwa yaliyopita. Watunzi walikuwa wamepanga Jack, daktari, afe katikati ya episodi. Sote tumekulia kwenye imani kwamba steringi hafi, na wao walitaka kuivunja mapema ili kuanzia hapo tusimwamini mtu. Wakubwa wakakataa, wakisema watazamaji watajiona wamesalitiwa. Jack akaokoka, na aliyevutwa nje kupitia dirisha la ndege akawa rubani. Nadhani wakubwa, kwa mara hii, walikuwa sahihi. Bila Jack sijui ningemfuata nani ndani ya msitu ule.

Kusema kweli, ile methali ya nyota njema kuonekana asubuhi haishiki vizuri kwenye televisheni. Komedi ya Seinfeld ilipojaribiwa mbele ya watazamaji ikapata alama mbovu. Elaine, mmoja wa wahusika wake wakuu wanne, hakuwemo kabisa. Ilirushwa Julai 1989, msimu ambao stesheni humalizia viporo, na NBC wakaongeza episodi nne tu, kwa fedha alizozipata Rick Ludwin, mkuu wa vipindi maalumu na vya usiku, kutoka kwenye fungu la idara yake. Ikaishia episodi 180. Kwa hiyo rafiki akikwambia vumilia mpaka ya nne au ya tano, usimbishie haraka. Mara nyingi ndipo waandishi wanapoanza kuwajua watu wao.

Siku hizi uvumilivu huo umegeuzwa kuwa utaratibu. Netflix walipoichukua House of Cards waliagiza misimu miwili kwa mpigo, episodi 26, bila sampuli, na mwaka 2013 wakaachia msimu wa kwanza wote siku moja. Pasipo sampuli hakuna mteja wa chumbani wa kushawishiwa, na episodi ya kwanza inaweza kuwa sura ya kwanza tu ya jambo refu. Waandishi wamepata nafasi ya kupumua. Lakini naona nyingi zimelegea, zinajua kwamba ya pili itaanza yenyewe kabla hujashika rimoti. Squid Game ya mwaka 2021 haikulegea: watu 456, mchezo wa watoto wa kusimama na kukimbia, mwanasesere mkubwa anayegeuza kichwa. Mchezo ukiisha wamebaki hai 201, na sheria za dunia ile umezielewa bila kusomewa.

Lost ilianza na jicho. Linafumbuka, mboni inabana mwanga, na Jack yuko chali katikati ya mianzi akiwa na suti, asijue aliko. Mbwa anatokea vichakani, anamtazama, anapita. Kisha Jack anakimbilia ufukweni, na kelele za injini na za watu zinamfikia kabla hajaona mabaki ya ndege. Tarehe 23 Mei 2010, baada ya misimu sita, watunzi walimrudisha Jack kwenye mianzi ile ile. Anaanguka chali, mbwa anatokea tena. Safari hii hapiti. Analala ubavuni mwake, na jicho linafumba.