Uhakiki wa Kitabu cha Dini Si Hukumu Juu ya Dini

Wiki hii nimeulizwa tena: "Wewe si muumini wa dini hiyo, umepata wapi haki ya kukihakiki kitabu chake?" Kabla ya hapo, nilipohakiki kitabu kuhusu imani niliyolelewa ndani yake, swali lilikuja limegeuzwa: "Wewe ni wa hukohuko, utatendaje haki?" Maswali mawili, kosa moja. Waulizaji wote wanadhani mhakiki wa jarida la taaluma ya dini amekaa kwenye kiti cha hakimu, aamue dini ipi ni ya kweli. Sikai kwenye kiti hicho, na nimechoka kukalishwa.

Ninachohakiki ni kitabu. Kitabu kina hoja, hoja ina ushahidi, na ushahidi una namna ulivyokusanywa. Mwandishi akisema watu wanamiminika kwenye maombi ya uponyaji kwa sababu ya umaskini, si kazi yangu kusema kama maombi yanaponya au hayaponyi. Nafungua sura ya mahojiano: wamehojiwa wangapi, kwa lugha gani, nani alikuwa mkalimani? Na wale wenye kipato kizuri waliofika palepale, hoja imewaeleza au imewapita kimya? Ikiwapita kimya, hapo ndipo kalamu yangu inaposhuka. Kasoro hiyo anaweza kuiona muumini, na asiye muumini pia.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa mwanaanthropolojia Mwingereza Evans-Pritchard, aliyechapisha mwaka 1956 kitabu chake kuhusu dini ya Wanuer, watu wa Sudan Kusini. Wanuer husema pacha ni ndege. Anayehukumu dini atabaki kuukejeli usemi huo au kuutetea. Anayehakiki kitabu anauliza mwandishi ameuelezaje, na kwa ushahidi gani. Evans-Pritchard alionyesha kwamba hakuna Mnuer anayedhani pacha ana mabawa. Pacha na ndege wote wana uhusiano wa pekee na Roho, na usemi unasimama juu ya uhusiano huo. Sasa mbane hapo. Hilo neno analolitafsiri kuwa Roho, na mahali pengine Mungu, linabeba kweli mzigo aliolitwika? Yeye mwenyewe aliingia Ukatoliki mwaka 1944, kwa hiyo ni halali kuuliza kama imani yake imepenya kwenye tafsiri yake. Lakini jibu litafutwe kwenye kurasa za kitabu, si kwenye cheti chake cha ubatizo. Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipowashutumu wasomi, mwanatheolojia Mkenya John Mbiti akiwamo, kwamba wanaivika miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki, hakutosheka kusema hao ni Wakristo. Alionyesha sifa walizoipachika miungu hiyo na falsafa zilikotolewa.

Halafu vitenzi. Hapa nitakaa kidogo, maana naona wahakiki wengi wanapapita mbio. "Wanafundisha", "wanaamini", "wanasema", "wanadai": kila kimoja kina uzito wake. Nimewahi kupita kitabu kizima na penseli nikizungushia vitenzi. Watu wa dini moja walikuwa "wanafundisha" na "wanaeleza". Majirani zao, kwa jambo lilelile la kuongea na waliokufa, walikuwa "wanadai", ukurasa baada ya ukurasa. Kwenye utangulizi mwandishi alikuwa ameahidi kutoegemea upande wowote. Niliandika sentensi mbili kuhusu hilo, na mhariri akataka kuzikata kwa sababu eti ni suala la mtindo. Nilikataa. Neno "wanadai" limeshatoa hukumu kabla ushahidi haujaletwa, na msomaji anaibeba bila kujua ameipata wapi.

Mengine ni ya kawaida. Majarida mengi hutupatia maneno 800 hadi 1,000, basi muhtasari usile nusu yake. Usikubali kitabu cha rafiki yako wala cha aliyekusimamia masomoni. Soma tanbihi, maana ndiko waandishi wanakoficha wasiwasi wao. Na usimlaumu mwandishi kwa kutoandika kitabu ambacho ungeandika wewe.

Kuna jambo moja ambalo sijalimaliza moyoni. Mwaka 1959 Wilfred Cantwell Smith, msomi wa dini kutoka Kanada, alisema kwamba kauli kuhusu dini haiwi halali mpaka waumini wa dini hiyo waweze kuikubali. Nilipokuwa mwanafunzi niliona ni kumpa muumini kura ya turufu juu ya utafiti. Ingekuwa hivyo, nani angeandika kuhusu mambo ambayo viongozi wa dini wasingependa yasemwe? Bado naona hivyo, ila si kwa uhakika niliokuwa nao. Niliwahi kukisifu kitabu kwa jinsi kilivyoeleza ibada fulani ya usiku, hatua kwa hatua: nani anaanza kuimba, taa zinazimwa lini, maji yanamwagwa wapi. Baadaye mama mmoja mwenye miaka mingi katika ibada hiyo aliniandikia. Alisema hakuna hatua iliyokosewa. "Lakini hicho alichokieleza," aliandika, "sicho tunachofanya." Nimekisoma kitabu upya nikiwa na barua yake mezani. Hoja imesimama, ushahidi umetosha, na bado sijui ningeandika sentensi gani kwenye uhakiki ule ili neno lake lipate nafasi.