Modeli hairekebishi kwiri mbovu: dhana potofu kuhusu kasi ya hifadhidata

Dhana: "Hifadhidata yetu imekuwa nzito, tuwekee akili mnemba iiongeze kasi."

Ombi hili nimelisikia mara tatu mwezi huu, na mara zote tatu hakuna aliyekuwa ameitazama kwiri yenyewe, yaani swali ambalo programu huiuliza hifadhidata. Ukweli ni kwamba mifumo inayosifiwa zaidi hushughulika na mipangilio ya seva. OtterTune, mfumo uliotangazwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mwaka 2017, ulipima seva ikiwa kazini, ukabaini mipangilio michache yenye uzito, kisha ukapendekeza thamani zake kwa kutumia vipimo vya mizigo ya kazi ya awali, kwiri haukuzigusa. Kwa mteja wangu wa mwisho, jedwali la malipo lilikuwa na faharasa nzuri (orodha iliyopangwa ya kutafutia rekodi haraka) kwenye safu ya muda, ila aliyeandika programu aliweka sharti date(muda) = '2024-03-01'. Kwa kuwa faharasa ilijengwa juu ya muda, si juu ya date(muda), PostgreSQL, programu ya hifadhidata anayoitumia, ilisoma jedwali zima, rekodi baada ya rekodi. Tuliligeuza sharti liwe muda >= '2024-03-01' AND muda < '2024-03-02', na ripoti iliyomweka mhasibu dakika nne ikatoka chini ya sekunde moja. Hakuna thamani ya shared_buffers (mpangilio wa kumbukumbu ambayo seva huiwekea data), iwe imechaguliwa na binadamu au na modeli, ambayo ingeondoa ulazima wa kusoma jedwali lile lote. Nasisitiza kwa kila mteja: endesheni EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha jinsi kwiri ilivyotekelezwa, linganisheni rekodi zilizokadiriwa na zilizopatikana, na zikipishana mno, endesheni ANALYZE, amri inayosasisha takwimu za jedwali, kabla ya kununua chochote.

Dhana: "Faharasa za kujifunza zimeshaufuta mti wa B."

Hapana. Mti wa B ndio muundo wa kawaida wa faharasa; faharasa ya kujifunza huweka modeli mahali pake. Mtafiti Tim Kraska na wenzake walionyesha mwaka 2018 kwamba modeli inaweza kukisia mahali ufunguo ulipo katika data iliyopangwa, lakini vipimo vyao vilihusu data ya kusomwa tu, ilhali jedwali la malipo huandikwa mchana kutwa.

Dhana: "Modeli itachukua nafasi ya kipangaji."

Bao, mfumo wa utafiti wa mwaka 2021, hukiachia kipangaji cha PostgreSQL (sehemu inayochagua njia ya kutekeleza kwiri) kazi yake na huchagua tu vidokezo vya kukipa kwa kila kwiri.

Dhana: "Tuifundishe modeli kwenye seva ya majaribio."

Modeli hujifunza mzigo inaouona. Jedwali la majaribio la rekodi elfu kumi hukaa lote kwenye kumbukumbu, kwa hiyo modeli haitaona diski ikilemewa. Tumieni nakala ya data halisi, mrudie juu yake kwiri za mwisho wa mwezi.